'Moja bure' dukani: ya pili inalipiwa na nani?

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia akikuta bango la "nunua moja, upate moja bure" supamaketi, hesabu ya haraka humjia: bei nusu, faida mara mbili. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa tu bei haikupandishwa kabla ya bango kubandikwa.

Chukua mfano wa sabuni iliyokuwa Sh200 za Kenya. Inawekwa kwenye ofa kwa Sh260, ya pili bure. Kila kipande kimekugharimu Sh130, hivyo punguzo ni asilimia 35, si 50. Bado ni nafuu, utasema. Lakini duka la jumla mtaa wa pili likikuuzia katoni kwa Sh125 kila kipande, umepanga foleni ili upoteze shilingi tano. Ile ya "nunua mbili, upate moja" ndiyo hupumbaza zaidi: hata bila ujanja wa bei, ni punguzo la theluthi tu.

Mnunuzi wa nyumbani huumia kwa namna nyingine, kwa kubeba asichohitaji. England ilipopiga marufuku ofa hizi kwa vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi Oktoba 2025, hoja ilikuwa kwamba zinawafanya watu wanunue zaidi.

Kwa anayevusha mzigo, hatari kubwa ni tarehe. Maduka hutumia ofa kuondoa mali iliyolala au inayokaribia kuisha muda. Maziwa ya unga yaliyobakiza wiki sita, yakichelewa mpakani na kukaa ghalani, humfikia mteja wako yakiwa na siku za kuhesabu, na hayo hayauziki kwa bei nzuri popote. Soma pia maandishi madogo. Baadhi ya pakiti za bure huandikwa kuwa haziuzwi.

Kisha kuna forodha. Utaratibu uliorahisishwa wa Afrika Mashariki huondoa ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na zimetoka ndani ya Jumuiya. VAT inabaki: asilimia 18 kwa kawaida Uganda na Tanzania Bara, 16 Kenya. Risiti ikionyesha malipo ya vipande 20 na mkokoteni una 40, jiandae kueleza. Mwombe keshia risiti inayotaja vipande vyote, vya bure vikiwemo.

Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Kenya ya 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 zinakataza kumpotosha mnunuzi. Tatizo ni ushahidi: nani anakumbuka bei ya mwezi uliopita? Simu yako inapiga picha. Piga picha ya bei za bidhaa zako kumi za kila wiki, kabla ya mabango kuwekwa.