Dawa ya Deni ni Kulipa, Hata Deni la Farasi

Askari anapomaliza utumishi wake hukabidhi silaha na vifaa vya serikali, akapewa hati ya kuonyesha kwamba alitumika vyema, kisha akarudi kwao na haki zake. Jambo hili twalijua sote, na hakuna askari atakayekubali kunyimwa. Lakini yuko mtumishi mwingine ambaye ametembea na majeshi tangu zamani, naye hana ulimi wa kudai. Huyo ni mnyama wa kazi. Siku nguvu zake zinapokwisha, jina lake hukatwa katika daftari la bohari kwa kalamu ile ile iliyokata matandiko mabovu na ndoo zilizotoboka. Maoni yetu ni kwamba kumkata mnyama daftarini si kumaliza deni lake.

Habari iliyo wazi kuliko zote juu ya jambo hili ilitokea Cairo, mji mkuu wa Misri. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 ilipokwisha, jeshi la Uingereza lilikuwa na farasi wengi mno katika nchi za Mashariki ya Kati. Kuwarudisha makwao kulihitaji meli na fedha nyingi, tena palikuwa na hofu ya kupeleka magonjwa ya mifugo. Basi maelfu yao wakauzwa huko huko Misri. Australia nayo ilikuwa imepeleka ng'ambo farasi wapatao 136,000, na katika hao wote aliyerudi nyumbani ni mmoja tu, jina lake Sandy, aliyekuwa farasi wa Jenerali Bridges aliyefariki katika vita vya Gallipoli mwaka 1915.

Ikapita miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1930 alifika Cairo mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, mke wa Meja Jenerali Geoffrey Brooke aliyekuwa akiongoza kikosi cha askari wa farasi. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 47, naye aliwajua farasi vizuri. Katika mitaa ya mji aliwaona wanyama waliokonda mpaka mbavu zikahesabika, wengine vipofu, wengine wakichechemea, wakivuta mizigo ya mawe chini ya jua kali. Wengi wao walikuwa bado na chapa ya mshale wa jeshi kwenye mapaja. Hao ndio waliovuka jangwa na majeshi ya washindi. Wahenga wetu husema fadhila ya punda ni mateke, lakini hapo Cairo aliyepiga teke alikuwa mwanadamu.

Tungependa wasomaji wetu waangalie sana yale aliyoyafanya mama huyo, maana huruma yake ilikwenda pamoja na akili. Hakuwatukana wenye farasi wala kutaka wafungwe. Alitambua kwamba wengi wao walikuwa maskini, na kwamba farasi yule mbovu ndiye aliyewaletea chakula cha watoto. Kwa hiyo aliwalipa bei ya mnyama, ili mtu aende kununua mwingine mwenye nguvu. Fedha alizipata kwa barua aliyoiandikia gazeti la Morning Post la London, iliyochapishwa tarehe 16 Aprili 1931. Wananchi wa Uingereza walichanga, na kwa muda wa miaka 3 alinunua farasi 5,000 waliokuwa watumishi wa vita. Walio wengi walikuwa wazee na wagonjwa wasiopona. Hao walipewa siku chache za kivuli, maji, nyasi na mapumziko, kisha wakauawa kwa upole pasipo maumivu. Mwaka 1934 alianzisha hospitali ya kuwatibu bure farasi na punda wa watu maskini wa Cairo. Mama Brooke alifariki mwaka 1955, lakini kazi yake haikufa. Shirika lenye jina lake hata leo lawahudumia wanyama wa kazi katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya na Ethiopia.

Mtu aweza kusema kwamba jeshi halina nafasi ya mambo ya huruma. Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na ushahidi wetu ni wa jeshi lenyewe. Tarehe 20 Julai 1982 bomu lililipuka Hyde Park, London, wakati askari wa farasi walipokuwa wakienda kubadilishana zamu ya ulinzi. Askari 4 waliuawa, na farasi 7 wakafa. Farasi mmoja aitwaye Sefton, mwenye umri wa miaka 19, alipata majeraha 34, na madaktari wakamshughulikia kwa muda wa saa 8 hivi. Alipona, akarudi kazini, na mwaka 1984 akastaafishwa. Jeshi halikumpeleka mnadani. Alipelekwa kwenye makao ya farasi wastaafu, akaishi huko mpaka alipokufa mwaka 1993 akiwa na miaka 30. Waingereza walewale waliowauza farasi wao Misri walikuwa wamejifunza. Hakuna aliyesema kwamba askari wao wamekuwa dhaifu kwa kumtunza Sefton.

Hata hivyo, nia njema isiyo na ujuzi yaweza kuua. Katika nchi nyingi wapo watu waliojifunza kupanda farasi ujanani, kisha kazi na malezi vikawaweka mbali na tandiko, wakarudi tena wakiwa na miaka 40 au 50. Baadhi yao huchagua kumchukua farasi aliyetupwa. Ni jambo jema, lakini mtu wa namna hiyo lazima ajue kwamba kazi yake ya kwanza si kupanda. Farasi aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi nafaka nyingi siku ya kwanza, maana chakula kingi cha ghafula chaweza kumwua. Hupewa nyasi kavu nzuri, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Meno yake hukaguliwa, na kwato zake hupunguzwa kila baada ya majuma 6 hadi 8. Yapita miezi mingi kabla mgongo wake haujaweza kubeba mtu. Tena farasi huishi miaka 25 au 30, basi amchukuaye amechukua wajibu wa miaka. Kwa sababu hiyo twaamini kwamba mtu mzima, na hasa askari mstaafu, aifaa kazi hii kuliko kijana mwenye haraka. Amekwisha kujifunza kwamba zamu hailindwi kwa maneno.

Huenda msomaji akauliza: sisi tusio na farasi, habari hizi zatuhusu nini? Ni kweli kwamba katika sehemu zetu farasi ni wachache. Katika vita hiyo hiyo ya 1914 hadi 1918, farasi walioletwa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Lakini tunao mbwa wa polisi wanaofuata nyayo za wezi usiku kucha. Tunao punda wanaobeba maji na nafaka za wananchi. Biashara ya ngozi za punda iliwafanya wezi wawavamie wanyama hao vijijini, mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Februari 2024, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Azimio hilo halitasimama lenyewe. Atakayelisimamisha ni askari wa kituo cha mpakani na yule wa doria.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Kwanza, kila mbwa wa kazi aandikiwe, tangu siku ya kuingia kikosini, ni nani atakayemtunza atakapozeeka; na aliyemfunza apewe nafasi ya kwanza. Pili, mnyama aliyekamatwa kuwa kielelezo cha kesi asifungwe kwenye mti akangojea hakimu bila maji wala majani. Ajapo mkuu wa zamu, aulize habari zake kama aulizavyo habari za mahabusu. Tatu, askari amkutapo maskini na punda mwenye vidonda, asikimbilie rungu; amwonyeshe njia ya kumpata daktari wa mifugo, na sheria iwangoje wale wakatili wasiosikia.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi za serikali. Yahitaji nidhamu, nayo nidhamu tunayo. Mnyama wa kazi hakuapa mbele ya bendera, lakini alipoambiwa twende, alikwenda. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la mtumishi asiyeweza kudai lafaa kulipwa kwanza.