Kumlilia Mbwa Si Uzungu

Mbwa wa nyumbani akifa, katika nyumba nyingi za mijini kwetu mambo huenda haraka, na yote humalizika kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Kijana wa kazi anapewa salfeti na shilingi elfu chache "akamtupe". Banda linamwagiwa maji na dawa. Watoto wakirudi na kuuliza Simba yuko wapi, wanaambiwa amepelekwa shamba. Mmoja akianza kulia, baba anafunga mjadala: "Acha uzungu wewe. Huyo ni mbwa tu."

Kauli hiyo imezoeleka mno, hata hakuna anayeidai ushahidi. Leo tuidai.

Inadai kwanza kwamba kumwomboleza mbwa ni tabia iliyoshuka na meli za wakoloni. Historia ya bara hili inasema vingine. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya tano kabla ya Kristo, alieleza kwamba paka akifa nyumbani, Wamisri walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa kichwa na mwili mzima. Mwaka 1935, mwanaakiolojia George Reisner alipata huko Giza jiwe lenye maandishi kuhusu mbwa mlinzi wa mfalme, mbwa aliyeitwa Abuwtiyuw, aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Maandishi yanasema mfalme aliamuru apewe sanduku, kitani, ubani na kaburi lake. Wakati huo hata jiji la London lilikuwa bado halijaanzishwa. Huo uzungu Mfalme wa Misri aliutoa wapi?

Atakayesema Misri haituhusu, aitazame bandari yake ya kale ya Berenike, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Hapo wamefukuliwa wanyama karibu 600 waliozikwa katika karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo: paka wengi, mbwa na nyani wachache. Baadhi walikuwa wazee au wagonjwa wasioweza kujitafutia, wengine karibu wameishiwa meno. Maana yake kuna mtu aliyekuwa akiwalisha mpaka siku ya mwisho. Berenike inatajwa katika Periplus, mwongozo ule ule wa mabaharia unaoeleza pwani yetu ya Azania na soko la Rhapta. Biashara ya bahari iliyoilisha bandari ile ndiyo iliyofika kwetu.

Tena si lazima twende kwenye magofu. Katika misitu ya Kongo, mwindaji humfunga njuga ya mti mbwa wake wa aina ya basenji, maana mbwa yule habweki kama wengine, na bila njuga hajulikani alipo. Mfugaji anayelala malishoni anajua ni nani anayemwamsha pale fisi anapokaribia zizi. Watu hawa hawahitaji kufundishwa thamani ya mbwa, kwa kuwa riziki yao inapita mikononi mwake. Dharau ninayoizungumzia ni ya mjini. Tulipomfungia mbwa nyuma ya geti, akawa kengele ya mlangoni, nayo kengele ikiharibika hung'olewa ikawekwa nyingine.

Kimbilio la pili ni dini. Najua ninapokanyaga, kwa hiyo nitakanyaga kwa adabu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Inamfundisha mtu namna ya kujitwaharisha. Haimpi ruhusa ya kutesa wala kutupa. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Na iko hadithi mashuhuri ya Mtume ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kwa Wakristo, kitabu cha Tobiti kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki kinamweka mbwa katika safari moja na Tobia na malaika. Anayetafuta kisingizio cha salfeti asikitafute katika vitabu hivi.

Hoja ya tatu ndiyo inayopigiwa makofi: watu wanakufa kwa njaa na maradhi, nawe unamlilia mbwa! Sikubali kwamba huruma ina kibaba, kwamba ukimpimia mbwa inapungua ya jirani. Kumzika mbwa ni kazi ya jembe na jasho la saa moja, na hakuna mgonjwa anayekosa dawa kwa sababu hiyo. Sidai tanga, wala ubani, wala turubai na viti vya kukodi. Msiba wa mtu ni msiba wa mtu. Ninachodai ni kaburi na ukweli.

Tena hao wanaojidai kuwatetea binadamu wangepaswa kuwa wa kwanza kuacha kutupa mbwa. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, karibu wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Kinga inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Sasa niambie, nani atampeleka mbwa wake kwenye chanjo, yule anayesema "ni mbwa tu" au yule ambaye mbwa wake ana jina? Na mbwa mzee anayepakiwa kwenye gari usiku akaachwa sokoni, nani atamshika kamba siku ya chanjo?

Hata mzoga una la kusema. Mbwa aliyekufa baada ya kutokwa mate ovyo, kupooza au kung'ata bila sababu haguswi kwa mikono mitupu. Anaitwa bwana mifugo, kwa kuwa ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo. Familia inayosimama kuuliza mbwa wetu amekufaje inajilinda. Ile inayokimbilia salfeti imetupa jalalani jibu ambalo daktari angelihitaji.

Kuna unafiki mwingine unaovaa joho la uchaji: mbwa mzee haamki, hali, anajisaidia alipolala, vidonda vinaingia funza, na mwenye nyumba anasema tumwachie Mungu. Mungu hakusema umwache aliwe na funza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imetungwa ili mnyama asiteswe bila sababu. Daktari wa mifugo akikwambia hakuna matibabu tena, mwombe amlaze kwa sindano: dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, analala, moyo unasimama. Kaa karibu na kichwa chake, asikie sauti anayoijua. Kisha mzike, usimtupe, kwa sababu dawa hiyo hubaki mwilini na inaweza kumuua mnyama mwingine atakayekula mzoga. Chimba shimo refu, mbali na kisima, kiasi ambacho mbwa wa mtaani hawatafukua.

Na watoto waitwe. Huu ndio moyo wa hoja yangu. Kwa watoto wengi, kifo cha mbwa ndicho cha kwanza kuingia nyumbani, kabla ya bibi na babu. Ukimdanganya mtoto kwamba Simba yuko shamba, siku atakapojua ukweli atajifunza kwamba mzazi wake hudanganya panapouma. Ukimwonyesha salfeti, atajifunza kwamba aliyekulinda usiku kucha kwa miaka kumi, akila makombo ya ugali na vichwa vya dagaa, akizeeka hutupwa. Mtoto huyo huyo ndiye atakayekuamulia wewe siku nguvu zitakapokuishia.

Basi mzazi, mbwa wako akifa, usimpe kijana wa kazi salfeti. Chukua jembe mwenyewe, waite watoto, waambie Simba amekufa, waache walie, nawe ukilia usione haya.