Kabla ya Kusema "Imechoka Hiyo"

Ingia ofisi ndogo Singida mjini, Manyoni au Kiomboi, uulize kwa nini kompyuta haikutoa nakala ya akiba ya mahesabu jana. Utajibiwa, "Imechoka hiyo." Wengine watasingizia vumbi, maana upepo wetu tunaujua. Na sisi wanachuo tunaokwenda pale kwa fildi tunaitikia kwa kichwa, halafu tunaandika kwenye ripoti: ofisi inunue vifaa vya kisasa. Mimi naona pendekezo hilo mara nyingi ni uvivu tu.

Kwenye ofisi moja ya akiba na mikopo nilikofanyia fildi, palikuwa na mashine ya Windows 7 iliyopangiwa kunakili vitabu vya wanachama kwenye flashi kila siku, yenyewe, bila mtu kuigusa. Flashi ilikaa imechomekwa muda wote na kila mtu aliiamini. Tulipoifungua, faili la mwisho lilikuwa la miezi saba nyuma. Marejesho ya miezi saba, mengi ya wakulima wa alizeti wanaolipa wakishauza mavuno, yalikuwa yamelala kwenye diski moja kuukuu. Diski ile ingekufa, mama aliyekwisha kulipa laki nne angethibitisha na nini?

Mashine haikuwa mbovu. Aliyebadilisha ratiba aliambiwa "weka saa nane," yaani saa nane mchana, watu wakiwa mezani, kompyuta inawaka. Akaandika 8:00 PM. Hiyo kwetu ni saa mbili usiku, ofisi imefungwa na umeme umezimwa ukutani. Hakuna kitabu cha kigeni kitakachokuonya juu ya kosa hili, kwa sababu waandishi wake hawahesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Saa nane mchana iandikwe 2:00 PM, basi. Na wanaopenda kupanga kazi usiku wa manane kwa sababu wameona hivyo kwenye mafunzo ya wenzetu wenye umeme usiozimwa, wajiulize kwanza: usiku huo mashine itawashwa na nani?

Halafu kuna tiki. Programu yenyewe inaitwa Task Scheduler (kwenye XP ilikuwa Scheduled Tasks), na tangu Windows Vista ina kisanduku kinachosema kazi iliyopitwa na saa yake ifanyike mara mashine itakapowaka. Ukiunda kazi mwenyewe, kisanduku hicho huja kikiwa wazi. Kingine huja kimetiwa tiki tayari: kazi isianze kama kompyuta haitumii umeme wa ukutani. Sasa fikiria laptopu Singida, umeme umekatika saa nane kasoro dakika tano. Betri imejaa, mashine inapumua vizuri, na kazi haifanyiki. Siku hiyo imepita hivyo.

Mashine za mtumba zina vituko vyake. Nyingi hufika zikiwa bado na majira ya Marekani. Mtu anaona saa haiko sawa, anaisogeza kwa mkono mpaka ilingane na simu yake, anaridhika. Lakini hajachagua majira ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu pia, saa tatu mbele ya zile za Greenwich. Basi ifikapo Machi, Wamarekani wanapobadili saa zao, kompyuta ya Iramba nayo inaruka saa nzima mbele, na Novemba inarudi. Fundi anaitwa, anasema virusi. Ikiwa saa inapotea kila umeme ukizimwa, hapo tafuta kibetri cha CR2032 kwenye ubao mama. Ni kitu cha bei ndogo sana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mashine hizi zinaandika sababu zenyewe na hatusomi. XP ina faili linaloitwa SchedLgU.txt. Windows 7 ina safu ya Last Run Result: 0x41303 maana yake kazi haijawahi kufanyika hata mara moja, na 0x0 maana yake imeisha salama. Hata hiyo 0x0 usiishangilie haraka, kwani programu inaweza kumaliza salama bila kunakili chochote. Fungua nakala, angalia tarehe yake. Angalia pia kama neno la siri la akaunti limebadilishwa karibuni, kwa sababu ratiba hubaki na lile la zamani. Na kwenye XP, akaunti isiyo na neno la siri kabisa haikubaliwi kuendesha kazi za ratiba, mpaka mipangilio ya usalama ibadilishwe.

Najua hoja ya wanaopinga. XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo tarehe 14 Oktoba 2025. Kuziunganisha na intaneti ni hatari, na hapo sibishani nao. Ila mashine mpya nayo ina Task Scheduler ile ile, na visanduku vile vile. Mtu akiandika 8:00 PM kwenye Windows 11, nakala itakosekana vile vile, tofauti ni kwamba ofisi itakuwa imeshatumia milioni moja na nusu.

Kwa hiyo ninachoomba serikali ya wanafunzi iupelekee uongozi ni kidogo. Kompyuta kuukuu zinazorundikwa stoo zisipigwe mnada zote. Ziachwe nne kwenye chumba cha mazoezi, bila intaneti, kila moja ikiwa na ratiba iliyoharibiwa makusudi: moja saa, moja majira, moja neno la siri, moja tiki. Mwanafunzi asiende fildi mpaka azifufue zote nne na aoneshe nakala yenye tarehe ya siku hiyo.