Kipimo Kimefika Mlangoni, Tiba Ingali Mbali

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967, na sifa zake zimeenea mbali. Hata hivyo, wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwaua wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine yoyote, bado hufika huko ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Hatuwalaumu. Ugonjwa huu hukua polepole kwa miaka mingi, wala hauumi mwanzoni. Ni nani atakayeacha shamba lake na kulipa nauli ili akapimwe ugonjwa asiousikia mwilini?

Ndiyo maana utafiti uliofanywa Kisenyi, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Kampala, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2015, wastahili kutazamwa tena. Wanawake 500 waligawanywa mafungu mawili. Wa fungu la kwanza waliitwa kituoni wakaguliwe kwa siki, ambayo huzigeuza nyeupe sehemu zenye dosari. Waliofika hawakutimia nusu. Wa fungu la pili walifuatwa majumbani, wakapewa kijiti wajichukulie wenyewe sampuli ya kutafutia virusi vya HPV viletavyo saratani hiyo. Karibu wote walikubali.

Wengi huishia hapo na kushangilia. Sisi twatazama kilichofuata: waliokutwa na virusi walitakiwa kwenda kituoni kwa ukaguzi zaidi, na sehemu kubwa yao hawakwenda. Nauli ile ile, shamba lile lile, na sasa hofu juu yake.

Basi tiba nayo haina budi kusogezwa. Chombo cha kuunguza sehemu iliyodhurika kwa joto ni kidogo, hubebeka mkononi, na muuguzi aliyefunzwa aweza kukitumia katika kituo cha afya cha gombolola kwa dakika chache. Gharama yake haifikii hata kidogo ile ya mashine ya mionzi. Na mashine pekee ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, nchi ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila nyingine, baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi.

Kila shilingi ya vijiti vya kupimia iandamane na shilingi ya chombo hicho. Nao wahudumu wa afya wa vijijini, ambao wengi wao hujitolea, ndio watakaorudi kubisha hodi mara ya pili. Posho yao iandikwe katika bajeti hiyo hiyo.