Maoni Si Kuni za Kuokota

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Kondoa, haupiti muda mrefu unafika Makutupora. Wengi wanaijua kwa kambi ya JKT, kwa zabibu, na kwa visima vinavyotunywesha sisi wa mjini. Oktoba 2016, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo, ndani ya uzio, yalipandwa mahindi ya uhandisi jeni kwa majaribio, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo akaagiza majaribio yasimame na masalia yake yateketezwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba matokeo yalikuwa yametangazwa bila idhini.

Mbegu iliingia, mbegu ikatoka. Mara zote mbili nilipata habari mambo yakiwa yameshaisha. Wanaoipenda teknolojia hii walilia mwaka 2018, na wanaoichukia walilia mwaka 2016. Mimi nina ugomvi na wote wawili.

Najua hapa tumezoea kuzungumza riwaya na mashairi. Nivumilieni, maana jambo lenyewe ni la lugha kuliko linavyoonekana.

Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja cha kile kinachoitwa kukusanya maoni ya wadau kuhusu usalama wa bioteknolojia. Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, bango ukutani. Mtoa mada alisalimia "Mbukwenyi!", tukaitikia kwa furaha, na Kigogo kikaishia hapo. Kilichofuata ni saa nzima ya maandishi ya Kiingereza ukutani, yeye akiyatafsiri kwa kuyarukaruka. Aliposema "jeni", mama aliyekaa jirani yangu akanigeukia: "Mwanangu, jini tena?" Sikucheka. Mama yule hakuwa mjinga, neno tu lilikuwa halijafikishwa kwake. Ukimtaka mtu atoe maoni juu ya kitu usichomwambia ni nini, hayo utakayoyapata utayaitaje?

Kisha mzee mmoja akasimama. "Wanangu, mimi nauliza dogo tu. Mbegu hiyo nikivuna, mwakani napanda niliyovuna, au narudi kuomba?" Mwenyekiti akasema swali ni zuri sana, litajibiwa wakati wa chai. Chai tulikunywa. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapokea nauli, na bila shaka mahali fulani kuna ripoti inayosema wakulima walishirikishwa.

Jibu la yule mzee halikuhitaji hata dakika mbili. Mahindi yaliyolengwa yalikuwa chotara, na mahindi chotara, yawe na jeni ya kupandikizwa au yasiwe nayo, ukirudia kupanda ulichovuna mavuno hushuka. Kwa hiyo, ndiyo mzee, utarudi dukani. Mradi wenyewe, ulioitwa WEMA, ulianza 2008 chini ya taasisi ya AATF ya Nairobi, pamoja na kampuni ya Monsanto, kituo cha CIMMYT na taasisi za utafiti za nchi husika, kwa fedha za wafadhili kama Bill na Melinda Gates. Waliahidi kwamba kampuni za mbegu hazitatozwa ada ya haki miliki. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini mzee hakuuliza habari ya ada ya kampuni. Aliuliza habari ya ghala lake.

Sheria haituruhusu kuendesha mambo hivi. Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena mwaka 2003, na Ibara ya 23 inazitaka nchi ziushauri umma katika kufanya uamuzi kuhusu viumbe hawa, na ziutangazie umma matokeo ya uamuzi huo. Tuna Sheria ya Mazingira ya 2004, tuna Kanuni za 2009 chini yake, tuna kamati ya taifa. Sisemi kamati hazikukaa wala vibali havikutolewa. Nasema kibali ni karatasi kati ya ofisi na ofisi, na ushauri ni maneno kati ya watu.

Chukua mfano mmoja tu. Kanuni za 2009 zilisema anayeleta kiumbe hicho atawajibika kwa madhara yake hata kama uzembe wake haujathibitishwa. Watafiti walilalamika kwamba kwa sharti hilo hakuna jaribio litakaloanza. Mwaka 2015 kanuni zikabadilishwa: kwa upande wa utafiti, sasa lazima kosa lithibitishwe. Labda mabadiliko yalikuwa ya haki, zipo hoja za maana pande zote. Lakini hebu nenda Chamwino, nenda Bahi, mwulize mwenye shamba kama anajua kwamba mzigo wa kuthibitisha ulihamishwa kutoka bega moja kwenda jingine. Hilo ndilo lililomhusu yeye, na lilipita kimya. Kelele zote zilikuwa juu ya kama mahindi yatatuotesha mikia.

Nitaambiwa: sayansi haipigiwi kura. Nakubali kabisa. Kama jeni kutoka kwa bakteria inaisaidia mimea ya mahindi kustahimili ukame, hilo linaamuliwa shambani kwa vipimo, si kwa kunyoosha mikono. Mkutano wa kijiji hauna la kusema juu ya muundo wa protini. Lakini nani alipe hasara ikitokea, mbegu iwe ya nani, uzio uwe umbali gani na shamba la jirani, na fedha za utafiti ziende kwenye zao gani, hayo si maswali ya maabara. Hayo ni siasa kwa maana yake nzuri, na kwenye siasa mkulima wa Dodoma ana sauti sawa na profesa.

Na hapo kwenye zao gani ndipo panaponiuma. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haifiki milimita 600. Wazee wa Ugogo walishalijibu swali la ukame kwa uwele na mtama. Hombolo, wilaya hiihii, kuna kituo cha utafiti wa mazao hayohayo. Kama kungefanyika mazungumzo ya kweli kabla ya mradi kuandikwa, nadhani mtu angesimama na kuuliza kwa nini mahindi. Pengine angejibiwa vizuri: watu wanapenda ugali wa mahindi, soko lipo, ndege hawayashambulii kama mtama. Pengine yeye ndiye angewabadilisha watafiti mawazo. Hatutajua, kwa sababu maoni yanapotafutwa swali likiwa limeshafungwa, kinachobaki ni kusema ndiyo au hapana, tena kwa sauti ya chini.

Uwanda huu una kumbukumbu ya jambo hilo. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga. Mpango mzima ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa ikiwa mwanzo tu. Udongo ule kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, na mvua zake hazitabiriki. Mgogo yeyote mchunga ng'ombe angewaambia bure. Mpango ukaachwa 1951, pauni takriban milioni 36 zikiwa zimepotea. Kisa hicho Alan Wood alikiandikia kitabu kizima, The Groundnut Affair, mwaka 1950. Kitabu cha Kiswahili kinachokisimulia kutoka upande wa waliokuwa wakitazama matrekta, mimi sijawahi kukishika.

Sasa niwageukie wenzangu wanaopinga GMO, maana wameanza kutabasamu. Agizo la 2018 mlilishangilia. Lakini lilitoka wapi? Lilitoka juu, kwa barua, kama kibali cha mwanzo kilivyotoka juu. Mkulima aliyetaka kujua yale mahindi yalifanya nini kwenye ukame wa Makutupora alinyimwa haki ileile mnayosema mnaitetea. Mnamwita mlinzi wa mbegu za asili, wale wengine wanamwita mhanga wa njaa. Kila upande una picha yake ameshika jembe. Ninyi mmemuuliza lini?

Majirani zetu wa Kenya hawajatupita sana. Baraza la mawaziri lilipiga marufuku Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata. Tofauti ni kwamba Katiba yao ya 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi, basi angalau wana mlango wa mahakama wa kugonga.

Sitaki kulalamika tu. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na hukutana kila miezi mitatu. Haudai hoteli wala bango. Kabla ya jaribio lolote la namna hii kuruhusiwa au kusimamishwa, viandikwe kurasa mbili za Kiswahili kinacholiwa: nini kinapandwa, wapi, nani analipia, nani atalipa kikiharibika kitu, nini bado hakijulikani. Vibandikwe ofisi ya kijiji, visomwe mkutanoni, vipewe siku 60. Kila swali liandikwe kama lilivyoulizwa na lijibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa "hatujui". Uamuzi ukitoka, useme ni maoni gani yaliubadilisha na yapi yalikataliwa, na kwa nini. Mkikataa yangu mkaniambia sababu, nitanuna, lakini nitajua nilisikika.

Na hizo kurasa mbili atakayeziandika ni nani? Hapo tunaingia sisi. Tunaoweza kubishana wiki nzima juu ya tafsiri ya mstari mmoja tumewaachia maofisa peke yao kazi ya kumwambia yule mama "jeni" ni kitu gani. Kiswahili cha kueleza mambo haya kipo. Uvivu ni wetu. Maoni hayajalala porini kama kuni, yakingoja gari la mradi lipite liyaokote. Yanaota mtu akishaelezwa na kupewa nafasi ya kufikiri.

Yule mzee hatujawahi kuonana tena. Swali lake nimelijibu hapo juu. Kama kuna anayemfahamu, tafadhali amsomee.