Maarifa ya Kazi Yasistaafu na Mwenyewe

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, ambamo watumishi walio wengi hustaafu kwa lazima watimizapo umri wa miaka 60, siku ya kuondoka mtu hujulikana miaka mingi kabla. Hata hivyo ofisi zetu humwandalia hafla, zikapokea funguo na majalada, na maarifa yaliyomo kifuani mwake yakaenda naye.

Wako wadhanio kwamba dawa ni kuyaandika na kuyahifadhi kwenye kompyuta pekee. Lakini mwanaanthropolojia Julian Orr, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya mafundi wa mashine za kunakilia wa Xerox nchini Marekani, alibainisha kwamba mafundi hao walitatua mengi kwa kusimuliana visa vya kazi, wala si kwa vitabu vya maelekezo peke yake.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mrithi ateuliwe mapema, afuatane na mtangulizi wake mwaka mzima. Sababu za kila uamuzi mkubwa ziandikwe pamoja na uamuzi wenyewe. Na kufundisha wenzake kuwe miongoni mwa sifa za kumpandisha mtu cheo, kwani afichaye ujuzi kwa kuhofia riziki yake hataudhihirisha mpaka aone kwamba kuutoa kunamzidishia heshima.