Nani Kaiweka Bwejuu Ukingoni?

Shangazi yangu hajui kompyuta, lakini alinishinda kwa swali moja. Tulikaa barazani kwake Bwejuu, laptopu mapajani mwangu, namwonyesha mchoro niliojivunia wiki nzima: njia za daladala za Unguja, kila kituo nukta, kila njia mstari. Mjini palijaa nukta kama siafu. Bwejuu ilining'inia pembeni kabisa, imeshikwa na unywele mmoja, gari ya 324. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Mwanangu, mbona kwetu umekutupa huku?"

Nikampa lile jibu la kijinga ambalo sisi watu wa kompyuta tunalo mdomoni daima. Si mimi, shangazi, ni programu.

Jibu hilo ndilo ninaloligomea leo, na nawaomba wenzangu mligomee pia.

Wanahesabu huuita mchoro wa namna hii grafu, na hawana maana ya zile nguzo za mapato na matumizi. Ni mafundo na nyuzi tu: nini kimeungana na nini. Tangu Euler alipolitatua fumbo la madaraja ya Königsberg mwaka 1736, tunajua kwamba umbali na umbo havina kazi hapo. Fundo laweza kuwekwa popote kwenye karatasi na grafu ikabaki ile ile. Basi kama laweza kuwekwa popote, pale lilipo pamechaguliwa.

Mwaka 1984 Peter Eades, mtaalamu wa kompyuta wa Australia, alipendekeza njia ambayo vizazi vyake vimo hadi leo ndani ya programu nyingi. Kila uzi uchukuliwe kuwa springi inayovuta, mafundo yasukumane, kisha mchoro uachwe utikisike mpaka utulie. Ni wazo zuri, sikatai. Mara ya kwanza nilipouona mchoro ukijikunjua wenyewe kwenye kioo, usiku ule sikulala. Lakini tazama anayeumia. Mwenye nyuzi nyingi anavutwa kutoka kila upande, anabaki kati. Mwenye uzi mmoja anavutwa na mmoja, anasukumwa na wote. Huyo ni Bwejuu.

Kisha mchoro unapelekwa kikaoni, unarushwa ukutani, na pale hakuna anayeziona springi. Niliwahi kukaa kikao ambapo bwana mmoja mwenye heshima zake alinyoosha kidole kwenye ukingo wa mchoro wangu akasema, "Huku hakuna watu wengi." Mchoro haukuwa na idadi ya watu hata mmoja! Nilinyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo, maana wanaosubiri gari jioni, kanga zingali mbichi kwa maji ya mwani, ni hao "hakuna watu."

Mtasema ndiyo kawaida ya michoro, kitu lazima kikae pembeni. Kweli. Ramani ya treni za chini ya ardhi ya London aliyoichora Harry Beck, iliyotolewa mwaka 1933, iliipanua katikati ya jiji na kuzibana pembezoni, kwa kusudi, ili msafiri asome vituo vilivyosongamana. Lakini tunajua ni Beck, na tunaweza kumbishia. Nairobi vilevile: mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ya Groupshot walitoa ramani ya matatu yenye njia zaidi ya 130. Wanafunzi walipanda magari, simu mkononi, wakirekodi vituo. Ukiitazama unaona mara moja jinsi njia zinavyokimbilia katikati ya jiji, na swali linalozuka ni kwa nini magari yamepangwa hivyo. Mchoro wangu ulizua swali gani? Haukuzua. Ulitoa hukumu.

Baada ya siku ile ya barazani nilifanya jambo dogo. Data ile ile, sikuongeza wala kupunguza, nikaiambia programu iiweke Bwejuu katikati na kupanga vituo vingine kwa duara kufuata idadi ya magari ya kubadilisha. Mjini pakaenda pembeni, Nungwi ikawa mbali kama nchi ya watu. Nikawaonyesha wenzangu wa kazi. Wakacheka, wakasema huo ni upendeleo, umeweka kwenu kati. Sawa, ni upendeleo. Na ule wa kwanza, ulioweka kwenu kati, ulikuwa nini?

Nikaurudisha mchoro mpya kwa shangazi, nikitaraji sifa. Aliupenda, sitasema uongo. Kisha akaweka kidole Michamvi, akakipeleka polepole hadi Chwaka, mahali palipokuwa patupu.

"Na boti iko wapi?"

Ghuba ya Chwaka watu huivuka kwa boti. Kwa gari, mtu wa Michamvi huanza kwa kushuka kusini, apite Bwejuu na Paje, ndipo ageuke kurudi juu. Kwenye mchoro wangu vijiji hivi viwili vinavyotazamana ni kama havijawahi kusikiana, kwa sababu jedwali langu lilikuwa na safu ya namba ya gari, na boti haina namba ya gari.

Hii sikuweza kumwambia ni programu.